Nafasi Mbili za Kwenda Lofoi

Kapata, usiku wa kuamkia safari yako

Mwadi, mama yangu,

Nakuita mama kama siku zote, ingawa wewe ni binti yangu, kwa sababu umebeba jina la aliyenizaa. Sanduku lako liko mlangoni. Nimelikaza kamba upya, maana uliifunga kama mtu anayefunga mboga za kupeleka sokoni. Hiyo ndiyo kazi ya mwisho ya mikono niliyokufanyia, na mengine sitayaandika. Kuchemsha maji, kuficha hela za njiani, kujihadhari na chakula cha vituoni, kusali: hayo unayajua. Yale usiyoyajua utayajua huko Kalemie kwa njia ile ile niliyoyajulia mimi, yaani kwa kuumwa tumbo.

Naandika kwa sababu ya neno moja nililokuambia mezani jioni hii. Ulikuwa umeshika simu yangu, unaangalia zile nafasi mbili tulizoshika kwenye basi la kwenda kutazama maporomoko ya Lofoi mwezi ujao. Ukasema, "Tata, usiende peke yako. Ungoye. Nikipata konje kule ku kazi nitakuya, tutaenda bote babili." Nikajibu, "Ni muzuri, nitangoya." Ukaridhika kwamba nitaingoja likizo yako, ukaenda kulala. Mimi nikabaki na jibu langu, na kila nilivyozidi kulifikiria ndivyo lilivyozidi kunichoma. Sasa nalirudisha. Sitangoja, Mwadi. Na sitaki upande gari kesho ukidhani nimekasirika, au kwamba nakuadhibu kwa kuwa umepata kazi mbali. Ndiyo maana barua hii itakuwa ndefu.

Unakumbuka jinsi jambo hili lilivyotuingia nyumbani. Ulikuwa umemaliza masomo ya maabara, kazi hakuna, unashinda kwenye ngazi ya mlango wa nyuma, mahali pekee ambapo rezo ya simu inakubali kukaa. Mimi nikaja na simu yangu nikuombe unioneshe namna ya kusikiliza misa. Tukamaliza misa, nikakuuliza kama simu hiyo inaweza pia kunionesha Lofoi. Ukacheka, ukasema inaweza hata kunipeleka.

Katika Kapata nzima simjui mtu aliyeyaona maji yale kwa macho yake. Shuleni tuliyachora. Mwalimu alivuta mstari wa chaki kutoka juu ya ubao hadi chini, akasema huo ni mto Lofoi, unaanguka kutoka uwanda wa Kundelungu, na maji mengine yanageuka ukungu kabla ya kufika chini. Niliamini kwa sababu ni mwalimu. Halafu nikakua, nikaingia kampuni, wakanipa kazi ya pampu kwenye mashimo. Kazi yangu ya maisha yote ilikuwa kufukuza maji. Mvua ikinyesha, maji yanashuka kutoka juu na mengine yanapanda kutoka chini, na sisi wa pampu tunapigana nayo usiku kucha ili asubuhi wenzetu wakute shaba na si ziwa. Nilikuwa na hamu ya kuona, hata mara moja, maji ambayo hakuna mtu anayeyafukuza. Sikukuambia hivyo siku ile. Niliona aibu, mzee mzima.

Basi ukanifundisha kutafuta. Kurasa za kwanza zilikuwa za watu wenye pesa zao: gari la peke yako, mpishi wa peke yako, hema lenye kitanda cha miguu. Nikasema tufunge simu. Ukasema bado, ukaandika upya kwamba tunatafuta safari ya kikundi, maana basi linalojaa watu ndilo linaloshusha bei. Zikatokea nyingine. Mimi nilitaka kubonyeza ya kwanza iliyokuwa na rangi nzuri, ukanishika kidole.

"Tata, usifinye kila kitu yenye kungaa."

"Sasa mi nitajua namna gani?"

"Tosha macho pa bei. Soma kule chini, ujue iko na nini ndani."

Nikayatoa macho kwenye bei, nikasoma. Kule chini ndiko kulikokuwa na maneno. Bei nyingine haikuwa na chakula, nyingine haikuwa na hema, nyingine haikuhesabu kiingilio cha mbuga wala kiongozi wa njia, na ukijumlisha yote unakuta bei rahisi imekuwa ndugu wa bei kali. Ukurasa mmoja ulitaka nauli yote itumwe kwa simu kwanza, halafu ndipo watuambie dereva ni nani. Maji ya picha yao yalikuwa mazuri kuliko yote. Ukaikuza ile picha ukaniuliza, "Tata, ni ba nani bale pa nyuma?" Nyuma ya maji walisimama watu wamevaa makoti mazito na kofia za sufu. Ilikuwa nchi ya baridi, sijui wapi, labda hata wao hawajui. Tulicheka hadi jirani yetu tata Kasongo akachungulia kwenye ua kuuliza kama tumeokota pesa.

Na ile nyingine, ya mwezi wa kumi, ambayo bei ilishuka hadi nikataka kuwachukulia nafasi mtaa mzima? Ukapiga simu, ukauliza mwezi wa kumi maji yanakuwaje. Yule mtu alikuwa mkweli, akasema mwezi wa kumi yanabaki kama uzi. Katikati ya mvua maji ni mengi lakini njia inameza magari. Ndipo tukachagua mwisho wa mvua, wakati njia imeanza kukauka na maji bado yapo, na ofisi moja ya Lubumbashi iliyokuwa na bei ya watu wawili wanaolala hema moja. Baba na binti yake, ukaandika.

Nilizipenda jioni zile kuliko nilivyoonesha. Mega za simu zilikuwa zinaisha na mimi najifanya nalalamika. Ukweli ni kwamba ilikuwa imepita miaka mingi tangu mtu akae karibu yangu tukitazama kitu kimoja. Ningekubali tutafute hata mwaka mzima bila kwenda popote.

Halafu ikafika siku yenyewe, mwaka jana, na hapo ndipo nilipokuaibisha.

Siku zile tulikuwa tumegawana kazi. Wewe ulichagua safari, mimi nikasema nitalipa mwenyewe na nitasoma mwenyewe ule ujumbe wa mwisho, kwa kuwa sasa nimekuwa mtaalamu. Niliusoma. Niliona siku, niliona saa ya alfajiri, niliona neno basi. Nikakuambia, "Bus itatukamata hapa hapa." Hukuuliza mara mbili, kwa kuwa nilisema kwa sauti ya mtu anayejua. Tukatoka giza likiwepo bado, mimi na ile suti yangu ya kahawia, wewe na kikapu cha samaki wa kukaanga na bukari ya unga wa mahindi iliyofungwa kwenye majani. Tukasimama kwenye kona ya iliyokuwa kantini ya kampuni. Kukapambazuka. Wanawake wa mikate wakatupita, wakatusalimia, wakarudi na beseni tupu, wakatukuta pale pale. Tata Kasongo akaja na mswaki mdomoni.

"Munangoya nini?"

"Bus ya Lofoi," nikamjibu.

"Itapita hapa?"

"Itapita wapi tena?"

Akatazama barabara yetu, mashimo yake na mbuzi wake, akatazama suti yangu, akaendelea kupiga mswaki. Jua likawa kali. Ndipo simu ikalia, na ile sauti ya msichana wa ofisi, yenye adabu, naisikia hadi leo.

"Tata, muko wapi? Bus iko inangoya ninyi babili tu."

"Tuko hapa, mama. Siye njo tunaingoya."

"Hapa wapi?"

"Ku Kapata. Pa kona ya kantini."

Kisha akauliza taratibu, "Kapata ya Kolwezi?"

"Kapata iko moya tu, mama."

"Tata, bus inatokeaka Lubumbashi."

Wewe, ukiwaza mwendo wa saa nyingi hadi Lubumbashi, ulikaa chini juu ya kikapu ukacheka mpaka machozi. Nami nikacheka, kwa kuwa wewe unacheka. Tata Kasongo alicheka kwa niaba ya mtaa mzima, na alikula samaki wetu. Aliposhiba akaniambia, "Bale ba kampuni balikufundisha mubaya." Yule msichana alikuwa na huruma, hakutupokonya nauli, akasema itahifadhiwa kwa safari nyingine, na ndizo nafasi hizi mbili za mwezi ujao. Kwako jambo likaishia hapo, likawa kichekesho cha kuwasimulia wageni. Nimesikia ukilisimulia, na unalisimulia vizuri, hasa sehemu ya mbuzi.

Lakini mimi niliporudi nyumbani nikaivua ile suti nikakaa kitandani muda mrefu. Kasongo alikuwa amesema kweli.

Wewe huikumbuki kampuni ikiwa hai. Unaona nyumba hizi za mstari na unaona kutu. Sisi tuliishi kwa kuletewa. Unga uliletwa. Mwalimu aliletwa, daktari aliletwa, hata rangi ya kupaka milango ililetwa, ya aina moja kwa milango yote. Basi la kazi lilipita kwenye kila mstari wa nyumba, likapiga honi, na mwanamume alitoka akiwa bado anatafuna. Watoto walipopelekwa kutembea kando ya maji ya Nzilo, basi liliwafuata milangoni. Hakuna aliyewahi kuuliza safari inaanzia wapi. Ilianzia mlangoni kwako, ingeanzia wapi tena? Kwa hiyo niliposoma neno basi kwenye simu, miguu yangu ilinipeleka kwenye kona yenyewe. Kampuni imetuacha zamani, mimi bado namsubiri dereva wake.

Hilo la basi ni dogo. Kuna kubwa zaidi, nalo linamhusu mama yako.

Umekua ukiamini kwamba tuligombana. Watu wa mtaa wanasema hivyo, nami sikuwakatalia, kwa sababu ugomvi unampa mwanamume heshima fulani. Hatukugombana. Kazi ziliposimama, mama yako alikaa mwaka mmoja akiniangalia ninavyokaa. Halafu siku moja, anapepeta unga, akasema, "Tuende Sandoa. Kule udongo ni yetu, tutalima, nitauzisha." Aliisema bila hasira. Nikamwambia tungoje kidogo, kwa sababu ilikuwa imetangazwa kwamba wazee wa kazi wataitwa majina ofisini wapewe haki zao, na asiyekuwepo siku ya kuitwa atazipoteza. Akanisikiliza. Akaniuliza wataita lini. Nikasema hivi karibuni.

"Basi ungoye," akasema. "Mi nitatangulia."

Alitangulia, Mwadi. Hakunikimbia. Alikwenda kutayarisha mahali, na mahali palikuwa pangu pia. Wewe alikuacha kwangu kwa sababu ya shule, akiamini kwamba shule zikifungwa tutapanda gari wote wawili tumfuate. Mwanzoni alikuwa akinipigia simu kila Jumapili baada ya misa, na swali lake la kwanza lilikuwa moja tu: "Balishakuita?" Nilijibu bado. Alinieleza mihogo, alinieleza nyumba aliyoinua, chumba cha mbele na chumba cha nyuma. Mwaka ukapita, mwingine ukapita. Sikumbuki Jumapili gani aliacha kuniuliza. Aliendelea kupiga, kuuliza habari zako na kikohozi changu, lakini lile swali hakulirudia. Nilipogundua, tulikuwa tayari tumeanza kusemezana kama wakwe wa mbali, kwa adabu, kila mmoja akiogopa kumchosha mwenzake.

Majina hayakuitwa. Nakuambia ujue, si kwa sababu nataka uwachukie watu fulani. Hata yangeitwa, ningekuwa nimekwisha kupoteza kile nilichokuwa nacho. Mji huu una vijana waliotoka pande zote za Kongo, wanachimba hadi chini ya vitanda vya watu kule Kasulo, na tunawasema sana, kwamba hawana subira. Mimi subira ninayo tele. Ningeweza kuwauzia.

Unaelewa sasa kwa nini jibu langu la mezani limenichoma? Nilijisikia nikisema nitangoya kwa sauti ile ile. Sauti laini, ya mtu mwema. Mama yako aliijua sauti hiyo. Wewe bado hujaijua na ukaridhika nayo ukalala.

Nikikungoja, najua itakavyokuwa. Utafika Kalemie, watakupa kazi ya watu wawili kwa kuwa wewe ni mgeni na kijana. Likizo itasogezwa. Utanipigia simu na kuomba msamaha, nami nitasema hakuna shida. Yule msichana wa ofisi amekwisha kuniambia wanaweza kutusogezea hadi mwaka kesho, na pengine hadi mwaka wa baadaye, kwa hiyo kila mtu atakuwa na adabu na safari itakuwa inasogea. Utaanza kuiona Kolwezi kama mahali penye mzee aliyekaa kwenye ngazi ya nyuma na suti ya kahawia. Kila siku nzuri utakayoipata huko, ukicheka na wenzako kando ya ziwa, itakuja na kamwiba kadogo: tata ananingoja. Sitaki kuwa hako kamwiba. Na sitaki kuja kukuuliza kila Jumapili kama umeshapewa likizo, mpaka siku nitakapoacha kuuliza.

Nitakuwa mpweke. Sitaki kukudanganya kwa kujifanya shujaa. Nimeanza tayari, na wewe hujatoka hata mlangoni. Nasikia unavyopumua chumba cha pili nami nimeanza kukukosa. Kesho nitakuta kikombe chako, na nitapika bukari nyingi kupita kiasi kwa sababu mkono umezoea sufuria ile. Jioni nitatoka na simu kwenye ngazi na sitajua nitafute nini. Hili haliponywi kwa wewe kubaki. Ungebaki, ningekutazama ukizeeka hapa kwa ajili yangu, na huo ni upweke mwingine, mchafu zaidi.

Kwa hiyo, nakuomba jambo ambalo wazazi hawaombi. Usiniahidi kurudi. Watu wa Kapata tumeahidiwa vya kutosha, hata kuta zimechoka kusikia. Rudi ukitaka, njoo bila kunitangazia, nitafurahi hadi Kasongo anisikie. Lakini usiniachie ahadi niilinde kama mlinzi wa geti la kampuni iliyofungwa. Ukipata mtu wa kumpenda huko, mpende. Akikuambia siku moja twende mahali fulani, na moyo wako umekubali, usimwambie angoje mpaka mambo yakae sawa. Nenda naye hali ikiwa hivyo hivyo. Mimi nilitaka yakae sawa kwanza, na sasa yamekaa sawa kabisa, hakuna kelele hata moja nyumbani.

Na usimchukie mama yako. Labda ulimchukia kidogo, nilikuona, nami nikanyamaza kwa kuwa ilinifaa. Ukifika, mpigie kabla hujanipigia mimi.

Baada ya wewe kulala nimefanya jambo. Nilitoka kwenye ngazi ya nyuma na simu, nikaufungua ule ukurasa wa safari yetu mwenyewe, bila mwalimu. Nilisoma kule chini. Nilisoma kila neno, hata yale ya mvua na ya wagonjwa wa moyo. Basi linatoka Lubumbashi, alfajiri, na mara hii nitakuwa nimelala mjini tangu jana yake, kwa binamu yangu, hata kama atanilaza jikoni. Kisha nikaenda pale walipoandika abiria wawili, nikapunguza, ikawa mmoja. Simu ikafikiri kidogo. Halafu bei ikapanda.

Nilidhani nimekosea, nikarudia. Hapana, ndivyo ilivyo. Ile bei rahisi ni ya watu wawili katika hema moja, na mtu akienda peke yake anaongezewa, kwa sababu hema ni lile lile na nafasi ya pili inabaki tupu na lazima ilipwe na mtu. Nilikaa nikilitazama jambo hilo. Nilitaka kukasirika, halafu nikaona ni haki. Kuna mambo mengi ya peke yako yanayogharimu zaidi, hili ni la kwanza kuandikwa waziwazi. Na kwa kuwa ile nauli yako ya mwaka jana bado wameishika, ndiyo itakayofidia nyongeza. Kwa hiyo nisamehe, nimeila nauli yako. Ujue kwamba wewe ndiwe utakayekuwa umenifikisha.

Nataka kuyaona maji yale, Mwadi. Nataka kusimama pale na suti yangu, na watu nisiowajua, na kiongozi wa njia anayesema msisogee. Sijui kama nitalia au nitahesabu yangehitaji pampu ngapi. Labda nikitoka huko nitakuwa nimezoea kidogo kupanda gari lisilokuja mlangoni. Lubumbashi si mwisho wa njia. Kuna magari ya Sandoa pia, nimeyaona yanapita, yana vumbi na yanajaa upesi. Sisemi zaidi ya hapo, kwa sababu chumba cha mbele na chumba cha nyuma ni vya mama yako, na yeye ndiye wa kusema kama bado kuna mahali. Lakini nitapiga simu, na safari hii swali litakuwa langu.

Jambo moja limenikwamisha, ndiyo maana pia nimekaa nikikuandikia barua badala ya kumaliza kazi. Mwishoni mwa ukurasa wanataka jina la mtu wa kuitwa ikiwa msafiri atapatwa na jambo njiani. Nimeandika jina lako. Wakauliza ni nani yangu, nikaandika binti. Namba ya simu, nikaweka yako. Wakauliza anaishi wapi. Vidole vikaandika Kapata, vyenyewe, kabla sijawaza. Nimelitazama neno hilo muda mrefu kuliko ninavyoweza kukueleza, kisha nimelifuta, herufi moja moja. Sasa pale pako wazi, na ukurasa haukubali kuendelea pakiwa wazi. Ukishafika, mama, niandikie mtaa unaokaa, unitumie hata katikati ya kazi. Kabla sijajua unaishi wapi, na mimi siwezi kuondoka.

Tata yako